Mwaka Mlango Ulipokataa Vidole

Nilikwenda kwenye matanga ya Chef Gédéon ili nihakikishe kwamba amekufa. Najua hiyo si namna nzuri ya kuanza sura, lakini nimeandika insha nyingi za kupamba watu, nyingine kwa malipo ya chupa moja ya bia, na katika umri huu wa mvi na magoti yanayolia nimechoka. Alikuwa amelazwa katikati ya sebule yake, amevaa suti ya rangi ya maziwa, pamba puani, na uso wake ulikuwa na ule utulivu wa mtu anayengoja wengine wanyamaze ndipo aanze kusema. Nje, chini ya turubai, tulikaa kwenye viti vya plastiki tukinywa chai ya tangawizi. Mchungaji akauliza kama kuna mtu aliyetumika na marehemu ambaye angependa kutoa ushuhuda. Binti yake mkubwa akanishika bega. "Papa Prof, weye ulitumikaka na papa pale kwa sabuni. Sema ata kidogo tu." Nikasimama, nikawatazama watu, nikafungua mdomo, nikakaa tena. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona: "Machozi imemukaba, maskini." Hayakuwa machozi. Nilikuwa na ushuhuda mrefu, na kama ningeutoa wote pale, wangenizika mimi kwanza halafu wakamrudia yeye.

Ushuhuda wenyewe ni huu. Habari za wazazi wangu na kijiji nilikozaliwa naziruka. Hazina kosa lolote katika jambo hili. Mwaka ninaousema nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya ualimu ambayo niliifunika kwa plastiki ili isiliwe na mende, nami nilipanga chumba cha nyuma katika parsele ya Mama Vumilia, yaani kiwanja chake, mtaa wa Saio. Chumba kilikuwa na kitanda, dirisha moja, na ukuta uliotutenganisha na jiko lake, ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba nilijua sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, imekaribia kuiva kabla hajafunua sufuria. Mama Vumilia alikuwa mkataji katika kiwanda cha sabuni kilicho kwenye barabara ya kwenda Mongbwalu. Wakwe zake waliokimbia vita kule upande wa Djugu walilala sebuleni kwake, na asubuhi mikeka yao ilikunjwa na kusimamishwa nyuma ya kabati kama wageni wanaoona aibu kuonekana. Hakuna aliyewauliza wataondoka lini. Walikula kwa kazi ya mwanamke yule mmoja, nami nilikula pamoja nao mara nyingi kuliko kodi yangu ilivyoruhusu. Nilipenda kumtazama akimega bugali inayotoka motoni. Sisi wengine tulipuliza, tukarusha tonge kutoka mkono huu kwenda huu, lakini yeye aliimega tu, kama mtu anayechuma ua. Vidole vyake vilikuwa laini na vya kung'aa kidogo, kama mgongo wa kijiko. Nilidhani ni uzuri. Nilikuwa nimesoma sana.

Ni yeye aliyenipatia kazi. Mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita Patron na ambaye aliishi Butembo, alikuwa amenunua mashine mpya za kuchanganya na kukata sabuni, zenye kioo cha kugusa mahali pa mikono ya chuma ya zamani, naye alitaka wafanyakazi waandaliwe. Mama Vumilia akamwendea Chef Gédéon, mkuu wa wafanyakazi, akamwambia, kama alivyonisimulia mwenyewe akicheka: "Chef, kwangu kuna mutoto wa universite iko na lala tu. Mumupe kazi, kama hapana atatumalizia chai." Nikaajiriwa. Darasa langu lilikuwa depo, yaani ghala, katikati ya mapipa ya mawese, na ubao wangu ulikuwa kipande cha katoni ambacho nilichora juu yake kioo cha mashine: kitufe cha kijani, kitufe chekundu, namba za joto, picha ya sufuria. Wanawake wa meza ya kukatia na wanaume wa mafuta walikaa kwenye magunia. Waliniita Prof kuanzia saa ya kwanza, na haikuwa heshima.

Mpaka leo, ninapokaribishwa kusema mbele ya watu juu ya elimu na teknolojia (hunikaribisha wanapokosa mwingine), huwaambia habari ya siku tulipoletewa tablette ya kujifunzia, kioo kidogo cha kuiga kile cha mashine. Niliiweka juu ya pipa, nikasema kila mmoja aje aiguse. Wote wakatoka nje. Nilidhani wameogopa, nikaanza kutunga moyoni hotuba ya kuwatia ujasiri. Kumbe walikwenda kunawa. Walikuwa watu wa sabuni. Kitu kipya na cha gharama hawakukigusa na mikono michafu. Wakarudi na mikono inayotiririka maji, wakagusa, na kioo kikapagawa: kikafungua hiki, kikafunga kile, kikaongeza joto la sufuria ya kuchorwa mpaka lingeyeyusha chuma. "Prof," akasema Mama Vumilia, "mashine yako iko na pepo." Nikawafundisha kukausha mikono. Nikawafundisha kugusa polepole, kama unavyomgusa mtoto kuona kama amelala. Na kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye kupenda maneno yake mwenyewe, kila jioni nilifunga somo kwa sentensi moja: mashine haina shemeji. Waliipenda. Katika mji ambao kupata kazi ya kufagia kunahitaji dada aliyeolewa mahali pazuri, sentensi ile ilipigiwa makofi. Kitufe cha kijani kinamtii yeyote aliyejifunza, niliwaambia, awe wa wapi, awe wa nani. Walijifunza kwa bidii ambayo sijaiona tena kwa wanafunzi wenye viti.

Kisha akaja Madame. Hilo si jina la mtu. Fundi aliyetoka Kampala na mashine alifunga kwenye mlango wa ukumbi mpya kisanduku cheusi chenye dirisha dogo la kuwekea kidole. Kidole kikijulikana, taa ya kijani huwaka, mlango hulegea, na sauti ya mwanamke hushukuru kwa Kifaransa safi: "Merci." Kisijulikane, taa nyekundu, na sauti ileile, bila hasira: "Veuillez réessayer," yaani jaribu tena. Mlango ulifunguka kwa mtu mmoja, ukajifunga nyuma yake. Siku ya kuandikisha vidole kila mtu alivaa nguo ya kanisani. Wanaume wa mafuta wakapita, merci, merci, nao wakamjibu "na weye pia," kwa sababu hapa kwetu mtu hashukuriwi akanyamaza. Mimi nikapita. Chef Gédéon akapita, akaweka dole gumba lake kama mtu anayepiga muhuri kwenye hati ya ndoa. Ikafika zamu ya meza ya kukatia. Mama Vumilia akaweka kidole. Veuillez réessayer. Akakausha, akaweka kingine. Veuillez réessayer. Akajaribu vyote, na wenzake wakajaribu vyao, na Madame akawakatalia wote kwa adabu ileile. Fundi akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Vidole havikuwa na mistari. Soda ya kutengenezea sabuni ilikuwa imeila yote, mwaka baada ya mwaka, jinsi maji yanavyokula ngazi. Fundi akasema si tatizo. Kisanduku kinakubali pia namba ya siri, kila mmoja apewe yake. Nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu, na Chef Gédéon alisikia kwa yake. Akajibu: "Namba bataazimana. Hapana. Kidole tu." Fundi akainua mabega, akapanda basi, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Chef alisimama mbele ya mlango na kuwaambia wanawake wa kukatia warudi nyumbani, kwa sababu mtu asiyejulikana na mashine hahesabiki kwamba yuko kazini. "Miye sikufukuza mutu," akasema, mikono wazi kama padri. "Munasikia benyewe. Ni mashine njo imekatala." Sijawahi kusahau mikono ile iliyo wazi. Nimesoma vitabu juu ya watawala wabaya, na wengi wao walikuwa na ujasiri wa kusema ni mimi. Huyu alikuwa amegundua jambo la kisasa zaidi: kutenda ubaya na kubaki amesimama kando yake, akisikitika. Siku hiyohiyo nikiwa depo nakunja katoni zangu, nilimsikia ofisini kwake, upande wa pili wa mbao, akisema kwenye simu: "Leta ule wa dada yetu. Na ule mwingine wa kwaya, ule mwembamba. Bakuwe na vidole muzuri, ni ile tu." Wiki haikuisha kabla ya meza ya kukatia kujaa wapwa zake, vijana wapole wenye mikono ya kupigia kinanda, ambao niliamriwa niwafundishe kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Niliwafundisha. Nilihitaji kula. Pia nilimpigia Patron simu Butembo, nikamweleza habari ya soda na namba za siri. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayetafuna. "Kijana," akasema, "ile mashine ni mupya. Kitu mupya hapana danganya."

Nyumbani Saio sombe ilitoweka kwanza, kisha mafuta ndani ya maharagi, kisha maharagi yenyewe yakawa ya jioni tu. Wakwe walianza kuamka mapema zaidi na kukunja mikeka kwa haraka zaidi. Mama Vumilia alipeleka mikono yake kwenye viwanda viwili vya mikate na nyumba moja ya kufua. Kote walikuwa na watu wao. Jioni moja tulikaa jikoni, mimi na sahani yangu ambayo niliona aibu kuishika, naye akasukuma bugali kwangu kwa mwiko.

"Kula, Prof. Weye njo muntu Madame anajua."

"Mama, nilimpigia Patron."

"Najua. Ukuta ile ni mbao, na siye pia tuko na masikio." Akacheka kidogo. "Ulisema mashine aina shemeji. Kumbe iko naye. Shemeji yake ni Chef."

Nikamwambia labda tumwombe mchungaji wa Chef azungumze naye, amwonee huruma. Akaweka mwiko chini. "Huruma ya nini? Miye nataka kazi yangu. Na kama Mungu iko na kitu ya kuongeza juu yake, aongeze haya na aibu. Ule muntu asikie haya mpaka kwa mifupa. Huruma yake abakishie bibi yake."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimpinga, kwamba nilitoa maneno ya kusamehe niliyojifunza shule ya misheni. Sikufanya hivyo. Nilihisi joto kifuani, kama mtu aliyekunywa lotoko, pombe kali ya kienyeji, na jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa: ndiyo, aibu, lakini mbele ya watu. Rafiki zangu wanaojua saikolojia huniambia kwamba kisasi humla anayekibeba. Huenda. Mimi mwaka ule nilikuwa nimekonda kwa maharagi bila mafuta, na kisasi ndicho chakula pekee kilichoniongezea mwili.

Nilianza kwa kutaka kujua, kama msomi, namna vidole vinavyopotea. Jumamosi moja nilijitolea kuwasaidia wapwa kumalizia sufuria ya mwisho ya sabuni ya zamani, ile iliyokuwa bado ikikatwa kwa waya na kukandwa kwa mikono. Sabuni mbichi ina joto la kiumbe hai, inateleza, inauma taratibu. Unaikanda na kuikata na kuigonga muhuri, na mwanzoni husikii kitu. Nilipomaliza nilinawa, nikakausha mikono kwa shati, nikaenda mlangoni nikaweka kidole. Veuillez réessayer. Nikarudia, nikarudia. Ngozi ilikuwa imevimba na kuwa laini kama ya mtoto mchanga, na utelezi haukutoka hata kwa maji ya moto. Mpaka Jumapili nikiwa kanisani nilikuwa bado nasugua vidole vyangu kwa furaha ambayo jirani yangu kwenye benchi aliidhani ni ya Roho. Jumatatu Madame alinikubali tena. Soda ilihitaji miaka kuviua vidole vya Mama Vumilia. Lakini kuvilevya kwa siku moja, sufuria moja ilitosha.

Patron alitangaza kuja kuzindua ukumbi, pamoja na wakubwa wa mji, mchungaji, na wapiga picha. Chef Gédéon akaniita ofisini. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri na maneno machache, na alijua hivyo. "Mon petit," akasema, "weye uko na Kifaransa, uko na Kiswahili ya kitabu. Niandikie discours. Lakini isikuwe kavu. Batu basikie miye ni muntu wa bantu." Hotuba ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kuandika, na nasema bila haya kwamba sijawahi kuandika kitu bora zaidi. Nilimfanya awe mwana wa kiwanda. Nilimpa utoto wenye harufu ya mawese ambao hakuwa nao, mikono iliyojua kila kazi ambayo haikuwahi kuigusa. Na nilipofika mwisho nikaandika katika programu: "Chef mwenyewe ataonyesha namna ya zamani, kwa mikono yake, kabla ya kuufungulia mji mlango wa namna mpya." Alisoma mara mbili. Nilimwona akijiona. Kila mkubwa katika nchi hii amewahi kupigwa picha akitwanga sombe au akishika jembe, mikono ya shati imekunjwa kwa uangalifu; yeye alikuwa bado hajapata picha yake. "Ile ya kukata sabuni," akauliza, "ni ngumu?" Nikamwambia wanawake waliifanya wakiimba. Akasema: "Basi niandikie na wimbo."

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na uwanja umefagiwa mpaka ukawa na mistari. Meza ya kukatia ilitolewa nje, ikapambwa kwa kitenge kipya. Mbuzi walikuwa wakiiva nyuma ya depo, na harufu ile iliwaleta hata wasioalikwa. Kando ya ukuta, karibu na lango, walisimama wanawake wa kukatia, Mama Vumilia mbele yao, wamevaa vitambaa safi vya kichwani. Mlinzi hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Chef alisoma hotuba yangu kwa sauti ambayo karibu iniaminishe. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaingiza mikono katika sabuni mbichi. Nilikuwa nimeomba iletwe mbichi kabisa, "ili wageni waone mvuke." Akakanda. Wapiga picha wakamwomba ageuke huku, akande tena, acheke, akande tena. Kutoka ukutani wanawake wakaanza wimbo wa kukatia bila kuombwa, na kila alipotaka kuacha walianza ubeti mwingine, wakipiga makofi, na Patron akipiga makofi pamoja nao, kwa hiyo mtu wa watu hakuweza kuacha. Nilitazama jasho likimshuka kwenye masikio. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na amani kiasi kile.

Mwishowe akapewa beseni, akanawa, akajipangusa kwa leso nyeupe, akavaa koti, akawaongoza wageni kwenye mlango. Alisimama ubavuni ili picha imchukue vizuri. Akaweka dole gumba.

"Veuillez réessayer," akasema Madame.

Chef akatabasamu kwa wageni, akafuta dole kwenye suruali, akaliweka tena. Veuillez réessayer. Akajaribu la mkono wa kushoto. Akajaribu kwa kulisukuma, kisha kwa kuligusisha tu. Sauti ile haikuchoka. Mchungaji akakohoa. Mbele ya kamera za wapiga picha, Chef Gédéon akapiga kisanduku kofi dogo, kama mtu anayempiga mtoto asiyesalimia wageni, na kisanduku kikasema tena, kwa adabu, ajaribu tena.

Ndipo sauti ya Mama Vumilia ikatoka ukutani, nyembamba na wazi: "Ee, Chef! Leo uko absent!"

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikapita kwa wanaume wa mafuta, kikafika kwa wageni ambao hawakujua wanacheka nini. Patron hakucheka. Akauliza: "Gédéon, ni nini?" Na Chef, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta maneno, akasema lile pekee alilokuwa nalo: "Patron, ni mashine."

"Mashine ni mupya," akasema Patron.

"Patron, uangalie mikono yake," nikasema. "Halafu uangalie ya hawa mama." Mama Vumilia alikuwa amekwisha kuja, akipita katikati ya wakubwa kana kwamba wao ni magunia. Akafungua viganja vyote viwili mbele ya Patron. "Papa, soda ya kwako njo imekula. Vidole vyangu viko ndani ya sabuni yako, uliuza. Chef anasema siko kazini ju sina vidole. Leo yeye alikata sabuni kidogo tu, Madame hamujue tena. Yeye pia aende nyumbani?"

Mpwa mmoja, yule mwembamba wa kwaya, akasogea kwa heshima, akaweka kidole chake kizuri. "Merci," akasema Madame, na mlango ukalegea, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia. Patron alimshika Mama Vumilia kidole kimoja, akakipitisha chini ya dole lake mwenyewe, polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Nilifikiri atalia, na ningemchukia kwa hilo. Hakulia, alikuwa mfanyabiashara aliyeaibishwa mbele ya mchungaji. "Hawa bamama barudi," akasema. "Hawa batoto ba vidole baende kwa mafuta, kama kuna nafasi. Fundi wa Kampala aje aweke namba."

"Njia ya Kampala sasa ni mbaya, Patron," Chef akasema haraka. Alisema kweli, wiki ile magari hayakupita. Nilimwona akianza tena kusimama wima. "Itachukua muda. Bila fundi, bataingia namna gani?"

Mama Vumilia akageuka, akamtazama toka viatu mpaka kichwa. Nimewahi kusikia mahakimu wakisoma hukumu. Hakuna aliyeisoma kwa utulivu ule. "Kidole ya Chef itapona kesho," akasema. "Atatufungulia. Mumoja mumoja."

Na Patron, ambaye alitaka kwenda kula mbuzi, akasema: "Eh. Ni vile."

Kwa hiyo mtu aliyekuwa akifika kazini jua likiwa limekwisha kupanda akaanza kufika kabla ya wakataji, maana wakataji ndio waliowasha sufuria, na sufuria isipowaka kiwanda chote hukaa. Alisimama mlangoni kwenye baridi ya asubuhi, kwenye ukungu, kwenye vumbi la malori ya Mongbwalu. Mama mmoja aje, Chef aweke dole, merci, mlango ujifunge. Mama mwingine aje. Mwanzoni alitazama juu ya vichwa vyao. Wao walimsalimia kwa salamu kamili ya kwetu, isiyoweza kukatwa katikati bila kumtukana mtu: ya nyumbani, ya watoto, ya wagonjwa, ya mashamba yaliyobaki kule Djugu, na mpaka amejibu yote mlango ulikuwa umejifunga tena naye ilimbidi aweke dole upya. Fundi hakuja. Patron alipochoka kungoja alituma kadi za plastiki, kila moja na jina, ambazo mtu huzigusisha tu kwa Madame na mlango ukafunguka. Chef alizigawa mwenyewe, kwa uso wa mtu anayetoka gerezani. Kabla ya Jumapili kadi zote zilikuwa zimeanguka ndani ya pipa la soda. Moja ilianguka wakati wa kuinama, nyingine wakati wa kucheka, nyingine, kwa maelezo ya mwenyewe, iliangushwa na panya. Zilitolewa zimepauka, hazina jina. "Mambo ya digital," Mama Vumilia akamwambia Chef kwa huzuni, "ni muzuri, lakini siye mikono yetu inateleza sana."

Kisha mvua za mwisho wa mwaka zikaanza. Asubuhi moja nilifika mapema, nikaweka kidole changu, Madame akanishukuru, nikaingia ndani pakavu. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Chef Gédéon amesimama chini ya lile paa jembamba lisilofunika kitu, suti yake imegeuka rangi ya udongo, dole mbele. Mama Vumilia alikuwa wa kwanza mstarini, na mwavuli. Chef akafungua. Mama Vumilia hakuingia. Alikumbuka kwamba hajawasalimia wenzake, akageuka nyuma, akaanza na wa mwisho: habari ya kwako, na ya watoto, na yule aliyekuwa na malaria. Mlango ukajifunga. Chef akafungua tena, na maji yakimtiririka puani akasema kitu ambacho sikukisikia, na kichwa chake kilikuwa kimeinama. Akasema tena. Mama Vumilia akaweka mkono sikioni, akamwonyesha kwamba mvua inapiga sana, haimfikii.

Nilitazama mikono yangu. Vidole vyangu vilikuwa na mistari yote. Nikavitia mfukoni, nikatoka kupitia mlango wa depo, nikazunguka ukuta kwenye matope, nikaenda kusimama mwisho wa mstari, ningoje dole la Chef kama wengine.